Viti Vilivyotoka Ukutani

Kuna watu wakiingia nyumba ya mtu husalimia kwanza. Sogeza huangalia mapazia kwanza. Si jeuri, ndiyo kazi yake, na kazi ikishamwingia mtu mwilini haimtoki hata siku ya msiba. Alipofiwa na mama yake, katikati ya kilio, watu walimwona akiinuka kunyoosha picha iliyoinama ukutani. Wengine walinong'ona kwamba huzuni imempanda kichwani. Waliomjua vizuri walinyamaza, maana na wao ile picha ilikuwa imewakera.

Jina binti huyu alipewa na wateja wake, kwa sababu neno lake lilikuwa hilo moja. Sogeza kochi. Sogeza kidogo tena. Hapo, basi. Alikuwa fundi wa kupamba nyumba za watu wa kawaida, wale wanaodhani nyumba haipendezi mpaka ununue kila kitu upya. Yeye hakununua kitu. Aliingia asubuhi na ngazi, msasa, kopo moja la rangi na mfuko wa misumari, na jioni mwenye nyumba alikuwa akiingia sebuleni kwake mwenyewe kwa kupiga hodi.

Kanuni zake zilikuwa chache na alizishika sana. Pazia lianzie karibu na dari lishuke mpaka sakafuni, hata kama dirisha lenyewe ni dogo kama sahani. Zulia likanyagwe na miguu ya mbele ya viti, lisikae peke yake katikati kama limesahauliwa. Makopo ya jikoni yafanane. Taa ya dari izimwe, ziwashwe ndogo za pembeni. Na kuliko zote, viti vitoke ukutani. Hilo la viti ndilo lililomchemsha damu. Akikuta sebule yenye viti vilivyobanana na ukuta pande zote, katikati kiwanja kitupu, aliweka mikono kiunoni. "Hii sebule au zahanati?" alikuwa akiuliza. "Mnasubiri kuitwa majina?"

Sasa, sebule ya baba yake mwenyewe ilikuwa zahanati kamili.

Baba yake alikuwa fundi saa. Miaka arobaini alikaa dirishani pa duka lake dogo, lenzi imebanwa kwenye jicho moja, akitoa na kurudisha vigurudumu ambavyo mtu mwingine asingeviona hata kama vimemwangukia kwenye uji. Mtaa mzima ulimwita Mzee Saa. Alistaafu, mkewe akafa, na kwa miaka mitatu sasa alikuwa akiishi peke yake katika nyumba waliyoijenga wawili. Hakutaka mtu wa kukaa naye. Ukimgusia habari hiyo alikuwa akihesabu vidole: "Nina nyumba. Nina miguu. Nina akili. Mnataka niwe na nini tena?"

Mambo yalianza kuharibika siku shangazi yao, dada wa mzee, alipopita kumjulia hali. Shangazi yule ulimi wake hauna mfupa. Alimpigia simu Kaka Mkubwa, aliyekuwa msimamizi wa ghala katika mji mwingine, akamweleza kwamba nyumba ya baba yake imekuwa pango: buibui kila pembe, madoa ya chai mpaka kwenye mlango, sufuria zimeungua matako. Kaka Mkubwa si mtu mbaya. Ni mtu wa ghala tu, na kwake kitu ama kimepangwa ama hakijapangwa. Akampigia mdogo wake.

"Jumamosi nakuja," alisema. "Nikikuta hali ndiyo hiyo, mzee anakuja kuishi kwangu, na nyumba tunaipangisha. Siwezi kulala baba yangu anaishi namna hiyo."

"Kaka, ukimtoa pale utamuua."

"Basi na wewe nionyeshe kwamba pale anaishi. Si ndiyo kazi yako, kupendezesha?"

Sogeza alishika maneno hayo kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. Jumatano asubuhi alikuwa mlangoni kwa baba yake na ngazi begani.

Alifanya kazi kuliko alivyowahi kuifanyia nyumba yoyote. Alifuta, akasugua, akapiga msasa fremu za milango na kuzipaka rangi nyeupe. Alipandisha fimbo za mapazia mpaka shingoni mwa dari, akatundika mapazia mazito ya kijani kilichokolea ambayo mteja mmoja alikuwa ameyakataa. Alitoa globu kali ya katikati, akaweka taa mbili fupi zenye vivuli vya kitambaa. Nyaya alizificha nyuma ya kabati.

Na kadiri alivyokwenda ndivyo alivyokutana na vituko. Kwenye kitasa cha mlango wa choo palikuwa pamefungwa kitambaa kama cha mtoto mwenye jino bovu. Kopo la sukari lilikuwa limevikwa mipira miwili ya kufungia, la chumvi mpira mmoja, la majani ya chai halina mpira. Kwenye ukingo wa meza ya jikoni kulikuwa na msumari umepigiliwa nusu, hauna kazi yoyote. Sogeza alitikisa kichwa. Uzee huo, alijisemea, mtu anaanza kuokota vitu na kuvifunga ovyo. Alifungua kitambaa, akang'oa msumari, akatupa makopo. Sukari, chumvi na majani ya chai alivihamishia kwenye chupa tatu za kioo zinazofanana, zenye vifuniko vya mbao, akazipanga mstari mmoja. Zilipendeza kiasi kwamba alirudi mara mbili kuzitazama.

Baba yake alikuwa amekaa barazani muda wote huo, mikono juu ya magoti.

"Unafanya nini huko ndani?" aliuliza.

"Naitengeneza nyumba yako, baba."

"Viti usiviguse."

Sogeza alicheka. "Viti ndiyo ugonjwa wenyewe, baba. Hivyo vingine vyote ni mafua tu."

"Mama yako ndiye aliyevipanga."

"Najua. Mungu amrehemu. Lakini mama yangu alikuwa mpishi."

Mzee alijipangusa magoti. Hapo angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, na mambo yote yaliyofuata yasingefuata. Lakini sisi wenye wazazi tunawajua: watakuambia bei ya saruji ya mwaka waliojenga, watakutajia majina ya watoto wa mahasimu wao, na lile jambo moja linalowatafuna watalimeza na maji. Mzee Saa alilimeza. Sogeza akavitoa viti sita vya mbao ukutani, pamoja na kochi, akavikusanya katikati viangaliane juu ya zulia, meza fupi katikati yake, na juu ya meza jagi la maua.

Ijumaa jioni alimwita baba yake aje aone. Mzee alisimama kwenye mlango wa chumba chake, mkono kwenye fremu, akaelekeza uso ndani.

"Eh," alisema. "Kimependeza. Na ukuta umeupatia rangi nzuri."

Ukuta ulikuwa haujapakwa rangi. Sogeza alilisikia hilo, akatabasamu. Wanaume, alifikiri, huwa hawajui hata ukuta wao una rangi gani. Akambusu shavuni, akabeba ngazi yake, akaenda kwake akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba.

Jumamosi saa nne Kaka Mkubwa aliingia. Alisimama katikati ya sebule akageuka taratibu, na Sogeza akaona mabega yake yakishuka. Alikuwa amekuja tayari kugombana, sasa hana wa kugombana naye.

"Haya," alisema. "Haya, mdogo wangu. Shangazi ana chumvi nyingi yule mama."

Baba yao alikuwa kwenye kochi, shati limepigwa pasi, kofia kichwani. Kwenye muundi wa mguu wake palikuwa na mchubuko mbichi. Alipoulizwa alisema amejigonga bafuni, jambo dogo. Alizungumza vizuri, akamtania mwanawe kwamba kitambi kimemtangulia mlangoni, akauliza habari za wakwe na wajukuu. Sogeza alikaa akisikiliza, moyo ukimtulia kidogo kidogo. Kilichobaki ni chakula cha mchana tu, kaka yake ale, aage, aondoke.

"Nawatengenezea chai," mzee akasema.

"Kaa baba, nitaitengeneza mimi," alisema Sogeza.

"Hii nyumba ya nani?" mzee aliuliza, na wote wakacheka. Akainuka.

Alikwenda jikoni polepole sana, mikono imetangulia kidogo. Kaka Mkubwa alikuwa akimtazama. Wakasikia kifuniko cha mbao, kijiko, kimya kirefu, kifuniko kingine. Chai ililetwa kwenye sinia, nusu imemwagika. Kaka Mkubwa alipiga funda moja, macho yakamtoka, akairudisha kikombeni.

"Baba! Umetutilia chumvi!"

Mzee alisimama pale na tabasamu la kutafuta pa kujificha. "Ni utani," alisema. "Shangazi yako si ana chumvi nyingi? Nimekuonjesha." Kaka Mkubwa akacheka, lakini cheko lake lilikatika mapema. Sogeza hakucheka. Zile chupa tatu zilizopangwa mstari mmoja zilimjia, na mipira miwili, na mpira mmoja.

"Lete hivyo vikombe," alisema mzee kwa haraka, "nikaitengeneze upya." Akaokota sinia, akageuka. Mkono wake wa kushoto ulitoka ukaenda ukutani, pale ambapo kwa miaka yote kiti cha kwanza kilikuwa kinaupokea. Haukupata kiti. Ulipapasa hewa, ukapapasa tena, mwili ukaufuata mkono, na mguu ukaingia chini ya ukingo wa zulia. Alianguka mzima mzima juu ya meza fupi. Jagi, vikombe na maua vyote vilikwenda naye.

Sogeza alifika wa kwanza. Baba yake alikuwa amelala ubavu kwenye maji ya maua, damu ikimtoka kwenye nyusi. Hakuwa akilia wala kulalamika. Mkono wake mmoja ulikuwa unapapasa sakafu, unapima, unatafuta mguu wa kiti chochote kile apate kujua yuko wapi.

Kwenye zahanati walimshona nyuzi tatu na kumfunga plasta kwenye kifundo cha mkono. Kaka Mkubwa alitoka nje kumpigia mkewe simu aandae chumba. Baba na binti wakabaki peke yao, mzee kitandani, binti kwenye benchi iliyobanana na ukuta.

"Tangu lini, baba?"

Mzee hakujifanya kutoelewa. "Kabla mama yako hajafa. Jicho la kulia lilikwenda kwanza. Hili lingine linaona mwanga dirishani, na mtu akipita naona kama kivuli. Lilikuwa linaona."

Mapazia mazito. Taa za pembeni. Sogeza alifunika mdomo kwa kiganja.

"Mama alijua?"

"Mama yako ndiye aliyevipanga viti. Alinitembeza mwezi mzima. Kutoka chumbani mpaka jikoni ni viti vinne na kochi, halafu mlango. Mipira alifunga yeye. Msumari wa kunijulisha jiko limekaribia niliupiga mimi, lakini aliushika yeye." Aliipapasa plasta mkononi. "Alijua anaumwa. Alikuwa anafanya haraka."

"Kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza, baba, nilikuwa hapo hapo."

"Nimekula kwa macho yangu miaka arobaini, mwanangu. Watu walikuwa wananiletea saa zilizowashinda watu wa mijini. Nianze kukwambia nini?"

Sogeza alisimama. "Naenda kumwambia kaka. Nitamwambia ni mimi. Kwamba ulikuwa unaishi vizuri, ukitembea mwenyewe, mpaka nilipokuja na vidole vyangu. Nitavirudisha viti, kila kitu nitakirudisha."

"Ukimwambia hivyo atauliza, mtu mwenye macho anaangushwaje na kiti kilichosogea hatua mbili?"

Sogeza akakaa tena kwenye benchi.

"Na akijua," baba yake aliendelea, "unadhani ataniacha? Kipofu, peke yangu, na jiko la moto? Nyumba imekwenda, mwanangu, useme usiseme. Basi niache niondoke kama mzee aliyejikwaa. Usinitoe pale kipofu. Mtaa mzima ule nimewatengenezea saa."

Akamtaka aape. Akaapa. Kaka Mkubwa aliporudi alimshika bega kwa upole. "Usijilaumu," alisema. "Nyumba umeipendezesha, hilo siwezi kukataa. Mzee tu ndiye asiyeiweza tena." Sogeza alitaka kumpiga kofi, na alitaka kujitupa miguuni pake. Alisema ahsante.

Nyumba haikukaa wiki mbili bila kupata mpangaji. Watu wa kwanza kuja kuiona, mume na mke vijana, waliingia sebuleni wakashikana mikono. Mwanamke alisifia mapazia. Alisifia taa. Alifungua kabati la jikoni akaziona chupa tatu akasema, "Jamani, hata hizi mnaziacha?" Kaka Mkubwa alimkonyeza dada yake kwa fahari. Wapangaji walitaka kuingia na vyombo vyao wenyewe, kwa hiyo viti vya mzee vilipakiwa kwenye gari la mizigo asubuhi ya kuhama, kimoja kimoja, na kochi, na zulia.

Mzee alikuwa amekaa chumbani kwake juu ya sanduku mpaka kazi ikaisha. Kaka Mkubwa alikuwa nje akikaza kamba za mizigo. Majirani walikuwa wamejipanga barabarani, mama wa nyumba ya pili na kanga yake begani, fundi viatu, watoto, wote wamekuja kumuaga Mzee Saa. Sogeza alikuwa anafunga dirisha la jikoni aliposikia hatua sebuleni, kisha hatua zikasimama.

Alipochungulia alimkuta baba yake katikati ya chumba kitupu. Fimbo hana, aliikataa. Mkono mzima aliunyoosha mbele, akaugeuza kulia, akaugeuza kushoto. Hapakuwa na kitu cha kumwambia chochote. Hata sauti ya kikohozi chake ilimrudia kutoka pande zote. Alikuwa hatua tano kutoka kwenye mlango alioupachika kwa mikono yake, na alikuwa ameupoteza.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya chini sana. "Upo?"

"Nipo, baba."

"Sijui mlango uko wapi."

Sogeza alikwenda akasimama karibu naye. Akataka kumshika mkono, lakini mzee aliukunja. "Wananiona wale," alisema. Basi akapita mbele yake, akaanza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, kama watu wawili wanaotoka zao. Njoo baba, jua limekuwa kali leo. Twende, njoo huku kwenye sauti yangu, kushoto kidogo. Nani angedhani utapata mizigo mingi namna hii, sasa kizingiti hicho, na wewe ulisema huna kitu, ngazi moja, nyingine, ya tatu, haya, mchanga huo. Alizungumza upuuzi mtupu njia nzima huku machozi yakimtiririka, na mzee akaifuata sauti, mgongo umenyooka, kofia imekaa sawa. Majirani waliona mzee mwenye mkono wa plasta akitoka nyumbani kwake kwa miguu yake. Fundi viatu alipiga makofi.

Aliwaaga wote kwa majina, akimtambua kila mmoja kwa sauti yake. Alipofika getini alimwambia Kaka Mkubwa amsubiri kidogo. Alitaka kuiaga nyumba.

Akageuka. Lakini kuagana kule na watu kulikuwa kumemzungusha, akageuka kupita kiasi, akasimama akiwa ameelekea ukuta wa jirani, ule wa matofali matupu yasiyopigwa lipu. Akavua kofia.

"Tuliijenga vizuri," alisema. "Madirisha makubwa hayo alitaka mama yenu. Mimi nilikataa, nikamwambia yataleta joto. Akashinda yeye."

Kaka Mkubwa alianza kucheka, akidhani ni utani mwingine. Kisha akautazama ukuta ule usio na dirisha hata moja, akamtazama baba yake usoni, akamtazama dada yake. Kamba aliyokuwa ameishika ilimponyoka ikaanguka chini.

"Makubwa sana, baba," alisema Sogeza. "Yanaonekana mpaka barabarani."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akakaa hivyo kidogo, akaisikiliza barabara, akasikia kwamba wanawe wote wawili wamenyamaza. Akavaa kofia yake. Halafu akaunyoosha mkono ule mzima mbele yake, hewani, mbele ya mtaa mzima, akangoja mmoja wao aushike.